Siku Alfani Garama Alipoketi

Kamati ya Kuwaenzi Watu Mashuhuri wa Wilaya ya Kwale, iliyokutana mwaka 1999 katika chumba chenye feni moja na viti vya kutosha, iliazimia kwa kauli moja kwamba mtu mashuhuri wa wilaya ni yule aliyezaliwa ndani ya mipaka yake, aliyeipatia heshima ndani na nje ya nchi, na ambaye, kwa sababu hizo, hahitaji kutambulishwa. Maneno hayo ya mwisho yalisomwa mara mbili, na mara ya pili wajumbe walipiga makofi. Ikaazimiwa pia kwamba picha za mashuhuri hao zikuzwe, zitiwe fremu na zitundikwe ukumbini mjini Kwale siku ya sherehe, mbele ya jamaa zao na umma kwa jumla.

Kanuni ilikuwa nzuri. Kasoro yake, kama ilikuwa nayo, ni kwamba wote waliochaguliwa walikuwa wakiishi kwingine. Palikuwa na golikipa wa timu kubwa ya Nairobi. Palikuwa na hakimu wa kike aliyepelekwa bara na kuzoea baridi ya huko. Palikuwa na Profesa Luqman Chande wa Gazi, bingwa wa elimu ya mikoko, aliyekuwa akiifundisha elimu hiyo katika nchi ya Ulaya ambako maji ya pwani huganda na hakujapata kuota mkoko hata mmoja. Waliobaki walifanana na hawa. Mjumbe mmoja wa Matuga aliuliza kama hakuna mashuhuri anayeishi hapa hapa. Mwenyekiti akamjibu kwamba anayeishi hapa hapa anajulikana tu, na kujulikana ni jambo jingine.

Alfani Garama aliishi hapa hapa.

Alikuwa fundi wa baiskeli pale Kona ya Musa, Ukunda, mtu mrefu, mkimya, mwenye mabega yaliyoinama kama anayepita mlango mfupi. Lakini baiskeli ilikuwa kazi ya mkono. Kazi iliyompa jina ilikuwa nyingine: tangu ujanani, mtu akifariki popote kati ya Tiwi na Vanga, Alfani ndiye aliyetumwa kuwaarifu jamaa. Hakuna aliyemteua. Zamani hizo alikuwa na baiskeli na wenziwe hawakuwa nayo, akatumwa mara moja, akatumwa tena, na siku alipotaka kukataa akaambiwa kwamba yeye ndiye anayejua namna ya kusema.

Namna yenyewe ilikuwa na adabu zake, na Alfani alizishika kama mwalimu wa chuo cha Kurani anavyoshika fimbo. Mleta msiba hapigi hodi. Baiskeli haisimamishi, huilaza chini. Haketi, hata akivutiwa kiti, na hanywi hata maji. Humwita mkubwa wa nyumba pembeni, hulitaja jina, husema maziko ni saa ngapi, kisha huondoka. Juu ya yote, haongezi neno wala hapunguzi. Akiambiwa aseme "amefariki kwa homa", hatasema "homa kali", hata kama yeye mwenyewe aliiona hiyo homa na ilikuwa kali.

Kwa hiyo kila mtu alimjua, na hakuna aliyefurahi kumwona. Akipita na baiskeli yake, wanawake waliokuwa wakisuka makuti walinyamaza mpaka apite. Asiposimama, walisema alhamdulillahi na kumsifu: mtu mwema Alfani, mtaratibu, hana makuu. Watu walimpenda sana akiwapa mgongo. Sokoni Ukunda hakupata kungoja, kwani muuza nyanya alimpimia upesi na kumwongezea mbili ili aondoke mbele ya meza. Harusini alialikwa kwa kauli hii: "Tutakuletea sahani yako nyumbani, usijisumbue."

Mkewe, Sidi, ndiye peke yake aliyemkaribisha ndani bila kwanza kuhesabu ndugu zake.

Sasa kamati ilikuwa na barua za mwaliko kwa jamaa wa mashuhuri, na mvua za El Niño zilikuwa zimekwisha zamani lakini barabara zilikuwa bado hazijaarifiwa. Barua zilizopelekwa kwa machifu zilikaa kwa machifu. Katibu wa kamati, Bwana Timothy, kijana wa kutoka bara aliyekuwa amehamishiwa Kwale mwaka ule, aliuliza ni nani anayezijua nyumba zote hizo. Wajumbe walitazamana. Mmoja akasema, "Alfani wa Kona ya Musa." Kila mmoja alikuwa amekwisha kuhakikisha kwamba nyumba yake haimo katika safari hiyo.

Everline, karani wa taipu, aliyekuwa amekaa pwani miaka mingi kiasi cha kujua mambo, alijaribu. "Bwana Timothy, huyo mzee ni mzuri, lakini..."

"Lakini nini? Analewa?"

"Halewi."

"Basi."

Timothy akateremka mwenyewe mpaka Kona ya Musa, akamkuta Alfani akiziba pancha.

"Mzee, tuko na kazi. Ni kupeleka hizi barua tu na kuwaeleza watu. Habari poa kabisa."

Alfani aliufuta mkono wake kwa kitambaa, polepole. "Habari njema?"

"Very good. Watoto wao wametambuliwa na wilaya."

"Hakuna aliyefariki?"

"Afariki nani? Mzee, hii ni sherehe."

"Wala aliye mgonjwa?"

"Hakuna."

Alfani akazipokea barua kwa mikono miwili.

Jioni ile alimwomba Sidi amfulie kanzu nyeupe. Sidi akamtazama. Kanzu ile ilikuwa ya Idi.

"Kwani Idi imerudi?"

"Nina habari njema za kupeleka. Mkongani, Msambweni, Gazi, kote."

"Wewe?"

"Mimi. Nitapiga hodi, nitaambiwa karibu, nitakaa. Nitapewa chai."

"Chai," alisema Sidi. "Mume wangu, miaka yote hii mimi nakupikia chai asubuhi na jioni, na wewe unayoitamani ni ya watu."

"Yako nainywa kwa kuwa ni mume. Nataka siku moja ninywe kwa kuwa ni mgeni."

Sidi akaifua kanzu, na akaitia buluu ing'ae.

Ilikuwa kosa kuitia buluu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya wazazi wa golikipa, aitwaye Tembo, kule Mkongani, shambani. Mama yake alikuwa akianika mihogo. Aliinua kichwa akamwona Alfani akija katikati ya mashamba, na kanzu inang'aa kwa namna ambayo hajapata kuiona. Mama huyo alikuwa mwepesi wa hesabu: ikiwa Alfani wa nguo za kazi ni kifo cha kawaida, Alfani wa kanzu nyeupe ni kifo cha namna gani? Alipiga ukelele mmoja uliovuka bonde.

"Hodi," alisema Alfani, akiwa bado mbali.

"Tembo wangu!"

"Ni mzima, mama! Tembo ni mzima!"

"Basi ni nani si mzima?"

"Wote ni wazima!"

"Unanificha, Alfani. Tangu lini ukanificha? Sema tu, mimi ni mtu mzima, nitastahimili," alisema mama, akiwa tayari ameanguka juu ya mihogo.

Majirani walifika kabla barua haijafunguliwa. Wanaume wawili walikuwa wamekwisha kuanza kupasua kuni za matanga, na shangazi mmoja alilia vizuri sana, na alipotulizwa aliuliza, kwa uchungu kidogo, kwa nini basi ameitwa. Barua ikasomwa. Baba wa golikipa akaisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akamgeukia mgeni.

"Alfani, habari ni nzuri. Tunashukuru. Lakini kwa nini hawakumtuma mtu?"

Alirudi bila chai.

Kwa nyumba ya pili, ya jamaa wa hakimu pale Msambweni, alibadili mbinu. Alivaa shati lake la kazi, na alipokaribia alianza kuimba wimbo wa harusi, kwa sauti, huku akipiga kengele ya baiskeli. Kaka wa hakimu, aliyekuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani na siku hiyo alikuwa likizo, alitoka nje, akasimama kizingitini na kumtazama akija hivyo. Kisha akaita ndani kwa sauti ya chini:

"Njooni nyote. Sijui ni msiba gani huu, mpaka Alfani amerukwa na akili."

Pale hawakulia. Walikaa chini wote, wakashikana mikono, wakamngojea. Alipowaambia kwamba ndugu yao ametambuliwa na wilaya, walimshukuru kwa uangalifu, wakamwuliza habari za mkewe, na wakamtuma mtu amfuate nyuma mpaka Ukunda ahakikishe amefika salama.

"Tatizo lako," alisema Sidi usiku ule, "si nguo. Wewe ukifika unasimama kama nguzo. Mtu akikuona umesimama, moyo wake unajua. Kaa."

"Nikae kabla sijakaribishwa?"

"Ukingoja kukaribishwa utakaribishwa akhera. Simamisha baiskeli, kaa chini, halafu ndiyo useme. Mleta msiba haketi. Hilo hata mtoto analijua."

Alfani alilala akilifikiria. Ni jambo zito kumwambia mtu aliyesimama tangu ujanani kwamba dawa yake ni kukaa kitako.

Nyumba ya Gazi ilikuwa ya Bi Mwanaima, mama yake Profesa Luqman. Aliishi peke yake, upande wa kijiji unaotazama mikoko, ile iliyompeleka mwanawe Ulaya. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, lakini vidole vilikuwa vizima, na Alfani alimkuta barazani akisuka ukili wa mkeka bila kuutazama. Aliisimamisha baiskeli kwa stendi, kwa makusudi, ili isikike. Akasema hodi. Kisha, kabla hajajibiwa, akaketi chini mchangani, kwa nguvu, kama mzigo ulioshushwa.

Bi Mwanaima aliendelea kusuka.

"Alfani."

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mnyororo wako unataka mafuta, na wewe ndiye fundi. Inuka useme."

"Siinuki, mama."

"Umeumia?"

"Habari yangu ni ya kukaa."

Vidole vikasimama. "Ni ya Luqman?"

"Ni mzima."

"Najua ni mzima. Angekuwa amekufa angekwisha kufika," alisema Bi Mwanaima. "Hawa wetu wakienda mbali hurudi kwa njia mbili. Ama kwa likizo, ama kwa wewe. Likizo ameshaisahau. Kwa hiyo nilikuwa nakungojea wewe, na sasa umekuja, umekaa."

Alfani alimweleza habari ya kamati, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza: kwamba wilaya imemtambua mwanawe, kwamba picha yake itatundikwa, kwamba gari litakuja kumchukua mama Jumamosi ya sherehe.

"Imemtambua," alisema Bi Mwanaima. "Wamemwona?"

"Hapana."

"Wamemtambuaje, basi?"

"Kwa kazi yake, mama. Ni bingwa wa mikoko."

"Aliogopa kaa huyo. Alikuwa akibebwa." Akauvuta ukili, akaupima kwa shubiri. "Na yeye mwenyewe atakuja?"

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Profesa alikuwa amekwisha kuijibu kamati: ana kazi nyingi, anashukuru, anatuma picha. Alfani alilijua hilo, kwa kuwa Everline alimwambia. Kama angekuwa amesimama, angelisema, angeondoka, na mambo yangekwisha. Lakini alikuwa amekaa, na hakuwa na mazoea ya kusema akiwa amekaa. Aliutazama uso wa yule mama uliogeuzwa upande wake kidogo tu, kama wa mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Atakuja, inshallah," alisema Alfani.

Bi Mwanaima akauweka ukili chini, akasimama kwa kushika nguzo, akaenda jikoni. Zilisikika kuni zikivunjwa, kisha sufuria. Alirudi na chai ya maziwa iliyotiwa iliki, na mkate wa kumimina aliokuwa ameufunika tangu asubuhi.

"Karibu, mwanangu," alisema.

Waliomwona Alfani akitoka Gazi mchana ule wanasema aliisukuma baiskeli mpaka barabarani bila kuipanda, na kwamba uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Alikwenda moja kwa moja mpaka Kwale, ofisini kwa Timothy.

"Huyo profesa lazima aje."

"Mzee, ametuma picha. Picha ni kubwa, iko sawa."

"Mama yake nimemwambia atakuja."

"Na nani alikuambia umwambie?"

Timothy akamwambia kwamba simu ya ofisi ina kufuli, na kwamba mtu wa hadhi ile halazimishwi, anaombwa, na yeye amekwisha kumwomba vizuri kwa Kiingereza. Ni Everline aliyetoka naye nje.

"Mzee Alfani, wewe ambaye huongezi neno," alisema. "Ilikuwaje?"

"Nilikuwa nimekaa."

Everline akaiandika namba ya Ulaya kiganjani, akamsindikiza mpaka posta ya Ukunda, akazungumza na opereta, kisha akampa Alfani mkono wa simu. Alfani aliushika mbali kidogo na sikio. Katika kibanda kile hapakuwa na nafasi ya kukaa, kwa hiyo alisimama.

Sauti ya kiume ikajibu kwa lugha ya huko.

"Ni Alfani," alisema Alfani. "Wa Kona ya Musa."

Luqman Chande alikuwa amesoma katika vyuo vitatu, ameandika vitabu, na amehutubia mabingwa wenzake katika miji ambayo Alfani hakuijua hata kwa jina. Lakini alikulia Gazi. Utotoni alimwona mtu yule akiilaza baiskeli mbele ya nyumba za watu, na mara moja aliilaza mbele ya nyumba yao, siku ya baba yake.

"Mama?" alisema profesa.

Alfani akakumbuka adabu za kazi yake, na safari hii akaziheshimu zote. Hakuongeza neno, wala hakupunguza.

"Njoo," alisema.

Akaurudisha mkono wa simu mahali pake. Everline akamgeukia.

"Mzee, hukumwambia mama ni mzima."

"Hakuuliza kama ni mzima," alisema Alfani. "Alisema mama, nikasema njoo. Si kweli kwamba mama anamngoja?"

Jumamosi ya sherehe ukumbi ulijaa. Kamati ilistaajabu, maana mikutano ya serikali huwa haijai. Sababu ilikuwa wazi kwa wenyeji: Alfani alikuwa amepita nyumba zote hizo, na ingawa barua zilisomwa na kueleweka, watu wengi waliona ni vyema kufika tu, kwa tahadhari. Wengine walikuja na mikeka. Kina mama wa Mkongani walikuja na mchele. Picha za mashuhuri zilitazama mbele kutoka ukutani, na chini yake wenyewe hawakuwapo hata mmoja. Golikipa alikuwa na mechi, hakimu alikuwa na kesi, na waliobaki walikuwa na majibu yanayofanana.

Bi Mwanaima aliwekwa safu ya mbele, kwenye kiti chenye kitambaa. Alivaa leso mpya na hakumwuliza mtu kitu.

Alfani alikuwa nje. Kamati ilikuwa imemwomba, kwa heshima zote, asiingie, watu wasije wakaanza kulia. Alisimama penye mlango, karibu na baiskeli yake, pamoja na mlinzi, Jacktone, kijana wa kutoka Siaya ambaye hakuwa na habari na umaarufu wa mtu yeyote.

Hotuba zilikuwa zimefika katikati wakati teksi ya Mombasa ilipoingia uani. Akateremka mwanamume wa makamo mwenye suti nyeusi, tai nyeusi, na macho mekundu ya mtu aliyelia juu ya mabara mawili. Alikuwa ametoka uwanja wa ndege mpaka Gazi, akakuta mlango umefungwa kwa komeo, na jirani akamwambia, bila haraka, kwamba mama amekwenda Kwale kumtazama yeye akitundikwa.

"Kadi ya mwaliko, boss," alisema Jacktone.

"Mimi ni Profesa Luqman Chande."

"Sawa boss. Kadi."

"Picha yangu iko humo ndani."

Jacktone akachungulia ukutani. Picha ilikuwa ya kijana mwenye nywele. "Huyo si wewe," alisema, kwa upole.

Profesa aligeuka, akamwona Alfani.

"Wewe ulinipigia simu."

"Naam."

"Nilidhani amekufa."

"Kila mtu hudhani," alisema Alfani. "Shida yangu ndiyo hiyo."

Profesa alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo ambalo amelipanga tangu angani, akaufunga. "Yuko wapi?"

Alfani akamwambia Jacktone kwamba huyu ni wa Gazi, mtoto wa Bi Mwanaima, na anamjua. Kisha akaingia naye. Kina mama wa nyuma walipomwona Alfani katikati ya ukumbi, wawili walishika vichwa, na shangazi wa Mkongani akaanza, kwa kuwa safari hii alikuwa amejiandaa. Mwenyekiti, aliyekuwa akisoma ile kanuni na amefika penye neno la mwisho, alinyamaza. Alfani akatembea mpaka safu ya mbele, na pale, mbele ya umma kwa jumla, akaketi sakafuni.

Kina mama wakashusha mikono. Shangazi akamalizia kwa kukohoa.

"Mama," alisema Alfani, "huyu ni Luqman."

Bi Mwanaima aliugeuza uso wake juu, kuelekea pale iliposimama suti nyeusi. Mtoto wa jicho alikuwa amekomaa, na sauti ya profesa, alipomwita, ilikuwa imebadilika sana kwa kukaa kwenye baridi. Ilibidi atambulishwe mara mbili.